Majani Yenye Meno

Jani la kwanza kutobolewa nililichukulia kama tusi. Nilikuwa nimesimama kwenye ubao wa bwawa la juu, fimbo mkononi, nikiyakagua majani yangu kama mwalimu mkuu anavyokagua kucha za wanafunzi, nikaona moja pana limekatwa ukingoni. Halikuraruliwa wala halikuoza. Lilikatwa kipande chenye umbo la yai, safi kabisa, kama kwamba mtu amekuja na mkasi wa kushonea. Nikatukana kwa Kimeru, lugha ninayoitunza kwa shughuli hiyo.

Nina haki ya kuyaita majani hayo yangu. Yungiyungi la kawaida hulaza jani lake juu ya maji, likateremsha bua refu chini na kuficha mizizi matopeni, halina shida na mtu. Mimi nililifundisha kiu mpya maabarani: linywe floraidi. Maji ya mlima wetu hupita kwenye miamba iliyotokana na moto wa zamani, yakatoka baridi, maangavu, matamu, na ndani yake yamebeba madini ambayo kwa vizazi vingi yalitupaka meno rangi ya chai na kutupinda miguu. Ushahidi ninao mwenyewe. Meno yangu ni ya kahawia na magoti yangu hayajawahi kusalimiana.

Yungiyungi langu hunyonya sumu ile na kuisukuma mpaka kwenye ukingo wa jani, ikakaa hapo. Ukingo ukijaa hugeuka kahawia. Sikuipanga rangi hiyo, ilijileta yenyewe, na siku watu wa kijiji chetu, Nkoalemi, walipoiona kwa mara ya kwanza walicheka mpaka wakashika matumbo. "Daktari, majani yameota meno yetu!" Tangu hapo jani lililojaa huitwa jani lenye meno, hata kwenye taarifa za wilaya.

Jani lenye meno lazima ling'olewe. Likiachwa huzeeka, huzama, huoza, na kila lilichokunywa hukitema tena majini. Ndiyo maana kila Jumamosi kuna msaragambo: baragumu linapigwa, watu wanashuka bwawani na ndoano ndefu, wanavuta majani yenye meno, wanayachoma kwenye tanuru lenye mfuniko, na jivu linachukuliwa na lori la wilaya. Katikati ya kila bwawa kuna kipimo kinachoelea chenye taa. Taa ikiwa ya kijani, mabomba ya kijiji yanafunguka. Ikiwa nyekundu yanajifunga yenyewe, na hata ungekuwa diwani utakunywa mate.

Basi wiki ile matundu yaliongezeka. Kutoka jani moja likawa darasa zima la majani, kila moja limemegwa pembeni, na kila mmego ni yai lile lile. Nilipinda mgongo, nikageuza jani moja kwa fimbo. Upande wa chini kulikuwa na kibanda kidogo cha majani mawili yaliyobandikwa pamoja, na kutoka kwenye kibanda hicho kichwa cheusi kilichungulia, kikaniona, kikarudi ndani.

*

Urio alikuja Jumatatu. Ni afisa maji wa wilaya, na kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wangu, mmoja wa wale wanaouliza maswali mazuri kwa wakati mbaya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni maji yako, Mwalimu."

Hajaacha kujipendekeza. Tuliketi kwenye ukingo wa bwawa la kati, akatoa mfukoni chupa ndogo isiyozidi ile ya dawa ya kikohozi. Ndani yake kulikuwa na unga wa kijivu. Ulikuwa ukungu uliotengenezwa, akaniambia, unaoota juu ya aina moja tu ya kiwavi na kuacha kila kitu kingine. Kereng'ende hataguswa. Perege hataguswa. Kijiko kimoja katika bwawa la juu, na maji yenyewe yataufikisha mabwawa ya chini.

"Na kiwavi huyu anapatikana wapi kwingine?" nikamuuliza.

Hakukwepa. Hilo ndilo ninalompendea. "Tumetafuta kwenye mabwawa yote ya mlima huu na ule mwingine. Yuko hapa tu. Tunafikiri amebadilika humu humu, kwenye majani yako."

"Kwa hiyo tukifungua chupa hii anaisha."

"Anaisha duniani, ndiyo."

Ndiyo sababu chupa ilikuwa na kufuli la vidole viwili. Tangu ile sheria ya viumbe vilivyotengenezwa, dawa yoyote inayoweza kumaliza uzao mzima haifunguliwi na mtu mmoja. Kidole gumba cha serikali kinakaa upande huu wa mfuniko, na kidole gumba cha mwenye kitu kinacholindwa kinakaa upande ule. Mwenye kitu ni mimi. Wabunge walitaka tusiue kizembe, wakaona heri dhambi igawanywe nusu kwa nusu.

"Theluthi ya majani imekwenda," Urio alisema. "Nimeomba mashine ya kuvuna, na imekubaliwa. Itaelea yenyewe, itachagua majani yenye meno na kuyavuta bila kuhitaji mtu. Lakini haiwezi kushika jani lililotobolewa, linapasuka. Nahitaji majani mazima. Na yakipungua mpaka nusu, Mwalimu, sitakuwa na la kufanya. Nitafunga mabwawa, mrudi kisimani."

Kisimani. Kisima hicho ndicho kilichonipa miguu hii.

"Jumamosi ni msaragambo," nikasema. "Nipe mpaka Jumamosi."

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Binti yangu Eliwaza ni fundi cherehani, na kibarazani kwake wanapita watu wengi kuliko kanisani. Aliendelea kukanyaga cherehani bila kuinua macho.

"Fungua, Mama."

"Sijasema neno."

"Nakujua. Umeshaanza kumtazama." Akakata uzi kwa meno. Nayo ni ya kahawia, maana yeye alikua kabla ya mabwawa. "Unajua zaidi yangu. Nani aliniambia meno ya utu uzima yanajengwa ndani ya fizi wakati mtoto bado anacheza na ya utoto? Aikande ana miaka minne. Yanajengwa sasa hivi. Maji atakayokunywa mwaka huu ndiyo atakayocheka nayo siku ya harusi yake."

Aikande, mjukuu wangu, alikuwa chini ya meza akipanga vifungo kwa rangi. Miguu yake imenyooka. Katika ukoo wetu, kwa kumbukumbu ya yeyote niliyepata kumuuliza, ni wa kwanza. Mara nyingine namtazama anavyokimbia mpaka nasahau nilichokuwa nikisema.

*

Nilikwenda bwawani kumchukia kiwavi. Nasema hivi ili ieleweke kwamba sikwenda na roho ya huruma. Nilitandika gunia kwenye ubao, nikalala kifudifudi, mwanamke wa umri wangu, nikashika kioo cha kukuza nimjue adui yangu kabla sijamuua.

Nilimkuta kazini. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa jani akikata. Hakati kama panya, anayemega huku na huku. Aliweka mkia wake mahali pamoja, akajinyoosha, akazunguka akitafuna mstari mwembamba, na mwili wake wenyewe ndio uliokuwa kipimo cha kipande. Kipande kilipokaribia kuachia aliacha uzi mmoja wa jani bila kuukata, kisisombwe na maji. Kisha akakiteremsha chini ya jani kubwa, akarudi, akakata cha pili sawasawa na cha kwanza, akavigusisha uso kwa uso, akaanza kushona. Uzi wa hariri ulitoka mdomoni mwake. Alishona pembeni pote akaacha mlango mmoja.

Ndani ya kile kibanda palikuwa pakavu. Mdudu huyu anaishi chini ya maji, na nyumbani kwake hakuna tone. Ngozi yake ina vinyweleo vinavyokataa maji, na anapoingia hewa inaingia naye, ikabaki. Akitaka kuhama hutoa kichwa na miguu ya mbele, akakata ule uzi wa jani alioubakiza, na nyumba yote ikaelea naye mpaka jani jingine. Nilimfuata kwa macho mpaka shingo ikakakamaa. Perege mmoja akaja, akakimeza kibanda kizima. Nikasema, haya, maombi yamejibiwa. Perege akakitema, akageuka na kwenda zake kwa kasi.

Hapo ndipo nilipoanza kutazama kama mtaalamu badala ya kama mama mwenye mali. Kibanda kilikuwa cha kahawia. Vyote vilikuwa vya kahawia. Nikapita majani yote yaliyotobolewa katika bwawa la juu, nikaona kila tundu liko ukingoni, penye meno, na hakuna jani changa lililoguswa kwa ajili ya ujenzi. Chakula alikipata kwingine, kwenye nyama laini ya katikati ya jani, akikwangua kidogo hapa na kidogo pale bila kutoboa. Sumu hakuila. Aliijengea ukuta. Aliyetaka kumla alikutana kwanza na ladha ya mlima wetu.

Nilicheka peke yangu, juu ya gunia. Mimi na wenzangu tulitumia nusu ya maisha yetu kutafuta mahali salama pa kuiweka sumu ile, na kiwavi mwenye ubongo usiozidi chembe ya chumvi alikuwa amepata matumizi yake.

Kisha nikajiuliza swali ambalo lilinikatisha kicheko. Majani yenye meno yanafanya nini majini Jumanne? Yalipaswa kung'olewa Jumamosi. Nikakumbuka misaragambo ya karibuni. Taa imekuwa ya kijani muda mrefu sana, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Baragumu linapigwa, mmoja ana harusi, mwingine ana mafua, mwingine amemtuma jirani ambaye naye amemtuma jirani. Waliokuwa wakishuka ni Balozi Mbise, kiongozi wa kaya zetu, mimi na fimbo yangu, na wajane wawili wa bonde la chini wasiojua kukosa. Kwa hesabu yoyote ya maabara majani yale yasiyong'olewa yangekuwa yamekwisha kuzama na kuitapika sumu, na taa ingekuwa nyekundu tangu masika.

Ilikuwa ya kijani. Nilisoma kipimo mara tatu nikikisuta kwamba kinadanganya. Maji yalikuwa safi kuliko mwaka jana.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wetu alikuja na jembe lake, akakuta wenyeji wamelala, akaanza kulima.

*

Nilimpigia Urio nikiwa bado na matope tumboni. Nilimweleza yote, kwa fahari kana kwamba kiwavi ni mwanangu na amefaulu mtihani. Anakata penye sumu. Anabeba sumu. Na akimaliza kukua hupanda na kibanda chake juu ya matete ya ukingoni, nje kabisa ya maji, akajifungia humo mpaka awe nondo. Sumu inatoka bwawani kwa miguu yake yenyewe.

Urio akauliza swali zuri kwa wakati mbaya.

"Na matete hayo, Mwalimu, yanakwenda wapi?"

Nilikata simu, nikapanda kilima haraka kadiri magoti yangu yanavyoruhusu, mpaka kwenye banda la ng'ombe la Eliwaza.

Huku kwetu ng'ombe hatembei. Anakaa bandani na majani humfuata, na majani mazuri wakati wa kiangazi ni matete ya mabwawa, yaliyo mabichi mwaka mzima. Horini palikuwa na mzigo wa asubuhi. Nilikaa juu ya ndoo nikaanza kupekua bua moja baada ya jingine. Kwenye kila bua la tatu au la nne kulikuwa na kibanda cha kahawia, kimeshonwa vizuri, kimeshikana na tete kama kifungo. Ng'ombe alinitazama akitafuna. Alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, wa nne ameuinua kidogo.

"Anachechemea tangu mwezi uliopita," Eliwaza alisema nyuma yangu. "Daktari wa mifugo anasema ni kwato." Aliona uso wangu. "Mama. Siyo kwato, eh?"

"Siyo kwato."

Nilimweleza. Sikumficha kitu, maana ni mtu mzima na ng'ombe ni wake. Sumu haifi, nikamwambia, inahama tu. Ilitoka mwambani ikaingia majini, kutoka majini ikaingia kwenye jani langu, kutoka kwenye jani ikajengewa nyumba, na nyumba imeliwa na ng'ombe wako. Mahali fulani kwenye safari hiyo lazima mtu ainame aiokote. Tukimwacha mdudu, itabidi tuvichume vibanda kwenye matete kabla ya kukata, kila wiki, bila likizo, miaka yote. Tukimuua, mashine ya Urio itafanya kazi na sisi tutaendelea kulala.

Eliwaza aliokota kibanda kimoja horini, akakiweka kwenye kiganja, akakigeuza kwenye mwanga. Akakichana kwa ukucha taratibu, kama anavyofumua pindo. Ndani kulikuwa na nondo aliyekuwa karibu kutoka, mweupe, mabawa yamekunjwa, mkavu.

"Kashona kwa ndani," alisema. "Tazama. Uzi hauonekani nje hata kidogo." Akapitisha kidole kwenye mshono. "Mimi nimesoma miaka miwili chuoni na pindo hili hunishinda. Na hana sindano." Nikaona mdomo wake unataka kutabasamu na yeye anaukatalia. "Kazi nzuri. Kazi nzuri kweli. Fungua chupa, Mama."

"Eliwaza."

"Nimemsifu. Nikimsifu ndiyo nimpe mtoto? Wewe unanitaka niwategemee watu wa Nkoalemi, kila Jumamosi, mpaka Aikande aote meno. Watu hawa! Baba Nderingo hajalipia suruali aliyovaa Pasaka. Mashine haina harusi, Mama. Mashine haina mafua."

Alikuwa anasema kweli. Nilikaa juu ya ile ndoo muda mrefu baada ya yeye kuniachia kibanda na kuondoka. Kwenye kiganja changu nondo alikuwa amefungua bawa moja. Lilikuwa na mistari ya kahawia pembezoni, nyembamba mno, na lilikuwa zuri. Nilimpenda, sioni haya kulisema. Nilimpenda na nilimpenda mjukuu wangu, na kidole changu gumba kilikuwa kimoja.

*

Jumamosi baragumu lililia asubuhi kama kawaida. Kabla ya hapo nilikuwa nimempigia Urio tena tukawekeana sharti, kisha nikazunguka kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, na kila mlango nilifungua kiganja nikaonyesha kibanda na nondo wake. Sikubembeleza. Niliwaambia tu nani amekuwa akifanya kazi yao.

Urio alikuwa ameshafika, amesimama kwenye ubao na viatu vyake vya ofisini, chupa mkononi.

"Tulikubaliana vipi, Mwalimu?"

"Watu wakija, sifungui. Wasipokuja, kidole changu hiki hapa."

Wakaanza kushuka. Kwanza wajane wa bonde la chini, bila shaka. Kisha wengine, wawili, watatu, wakiwa na vikapu na ndoano, wakinisalimia bila kunitazama usoni. Baba Nderingo alishuka na suruali ya Pasaka. Niliendelea kutazama njia ya kilimani. Nilikuwa namtafuta mtu mmoja, na hakuwepo.

Balozi Mbise alipanda juu ya tanuru. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti iliyomzidi, na kaya zote za Nkoalemi anazo kichwani, hajawahi kuandika hata moja. Wasiojua desturi yetu wajue hili: kabla ya mabwawa tulikuwa na mifereji, tangu enzi za mababu, na mfereji ulikuwa na kanuni moja. Siku ya kuusafisha kaya zinaitwa kwa jina. Kaya iliyoitika ina maji. Ambayo haikuitika, maji yataipita. Mabomba yalipokuja kanuni ile ikabaki kama wimbo, tunaiimba hatuisikilizi.

"Leo naita kama zamani," Balozi alisema, na minong'ono ikakoma. "Kaya ya Nnko!"

"Tupo!" nikajibu.

"Kaya ya Pallangyo!"

"Tupo!"

"Kaya ya Ayo!"

Upepo ukapita kwenye matete. Hakuna aliyejibu. Balozi alisubiri, akaendelea. Aliita, wakaitika, aliita, pakawa kimya, aliita tena. Kila kimya Urio aliihamisha chupa kutoka mkono huu kwenda ule. Walioitika walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na wachache kuliko nilivyoomba Mungu.

"Kaya ya Eliwaza!"

Kimya. Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Tupo, tupo, msituharakishe!" Alikuwa anateremka kilima akihema, kikapu kichwani, Aikande akimshika sketi. Alipita mbele yangu bila kusimama. "Sijabadili mawazo," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ila nimekaa usiku kucha nikijaribu kushona lile pindo. Siwezi kuua fundi aliyenishinda kabla sijajua anafanyaje. Ng'ombe wangu akichechemea tena, Mama, naifungua chupa hiyo kwa meno."

Akaenda moja kwa moja kwenye matete, akaanza kuchuma vibanda na kuvitupa kikapuni.

Balozi alishuka tanuruni. "Nimemaliza."

Urio alinisogelea. Hakuwa na furaha, nami nalitia hilo kwenye hesabu yake ya mema. "Mwalimu, nyumba nyingi hazijaitika. Wewe mwenyewe umesikia. Leo wamekuja kwa sababu uliwaaibisha. Wiki ijayo je? Mwakani je?"

Aliweka kidole gumba chake upande wake wa mfuniko. Taa ndogo ya serikali ikawaka. Upande wangu ulibaki giza, ukisubiri.

Niliitazama chupa. Niliwatazama watu wangu, meno yao, miguu yao, wakivuta majani kwa ndoano na kubishana nani kamrushia nani matope. Urio alikuwa sahihi, hakuna mtu aliyewahi kudumu. Lakini sikuwa nimeulizwa kama watu hudumu. Nilikuwa nimeulizwa kama nitamuua asiyewahi kukosa ili wanaokosa wapumzike.

"Balozi," nikaita, "hujamaliza. Kuna kaya umeiruka."

"Siruki kaya mimi!" Alikasirika kweli. "Kaya gani?"

"Wale waliokuja Jumamosi zote ambazo sisi hatukuja."

Kwanza hawakuelewa. Kisha mjane mmoja akacheka, na kicheko kikapita bwawa zima kutoka ubao hadi ubao. Balozi hakucheka. Alinitazama, akaitazama ile chupa, akapanda tena juu ya tanuru, akaiweka sawa kanga yake, akajaza kifua.

"Kaya ya viwavi!"

Majani yalielea na matundu yao. Kwenye tete karibu na kikapu cha Eliwaza kibanda kimoja kilifunguka mlango, nondo akatoka akining'inia, anakausha mabawa yake ambayo hayakuhitaji kukaushwa. Wote tulimwona. Balozi alisubiri muda ule ule aliousubiri kwa kila mmoja wetu, bila kuuzidisha wala kuupunguza, na kiumbe yule hakuwa na sauti. Urio alifungua mdomo.

"Tupo!"

Alikuwa Aikande. Alisimama ndani ya matete, maji yakimfika kwenye magoti yake yaliyonyooka, kibanda kitupu amekivaa kidoleni, anacheka na meno yake yote ya utoto.

Kanuni ya mfereji haikutaja nani aitike kwa niaba ya nani, sisi sote tumewahi kuitikiwa na jirani.

"Wameitika," Balozi Mbise alisema. "Wana maji."

Nilichukua kikapu changu nikaingia bwawani.